Moto Inabeba Wawili

Julai 2019 nilikuwa nafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Goma, na likizo ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Jumapili tarehe 14 habari ikazagaa: Ebola, iliyokuwa ikitesa Beni na Butembo tangu Agosti 2018, imeingia mjini na mchungaji aliyetoka Butembo kwa basi. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Kila mlango ukawa na ndoo ya bomba na maji ya klorini. Hata ugali tuliula ukinuka javeli.

Shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, akaniita. "Prof, wamotari wa Birere wamekataa kuwasikiliza wageni wenye majile. Wanasema Ebola ni biashara. Wewe ni mtoto wa hapa, nenda."

Nilikesha nikiandaa somo la kinga ya mwili, askari wengi na kambi na adui, kama lilivyo kwenye vitabu vyote. Asubuhi nikawakuta kama thelathini wamekaa juu ya moto zao. (Huku kwetu pikipiki ni moto, dereva wake ni motari, na kizibao ni jile; msomaji wa Dar es Salaam asidhani naongea habari za volkano.) Nikaanza kwamba mwili una askari wa kuzaliwa nao, hawangoji kufundishwa, adui akigusa mlango tu wako macho. Sikufika mbali. Mzee mmoja wa chukudu, chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili, ameegemea mti wake uliojaa magunia ya makala, yaani makaa, akanikata:

"Na hao askari walikuwa wapi? Mmesema mutu anaweza kukaa mpaka siku 21 na adui ndani ya nyumba, anakula, anacheka. Walikuwa wamelala?"

Swali lake lilikuwa bora kuliko somo langu lote. Nikakunja karatasi.

Nikawaambia kirusi hiki hakianzi kwa kupigana, kinaanza kwa kuziba midomo. Kinapojinakili ndani ya seli, kinaacha nyuzi za RNA, zile zinazobeba maagizo yake, zimeshikana mbilimbili, kitu ambacho seli yenyewe haikiachi kizagae hivyo. Yuko mlinzi, anaitwa RIG-I, kazi yake ni kupapasa nyuzi hizo na kupiga kelele. Ebola ina protini, VP35, inazifunika ili asizione. "Kama magendo chini ya magunia ya makala," nikasema, na wote wakamgeukia mzee, naye akaapa kwa Mungu kwamba yake ni makala matupu.

Hapo nikapata nguvu. Hata mlinzi akifaulu, nikaendelea, kelele yake ni intaferoni, ile waliyoipa jina Isaacs na Lindenmann kule London mwaka 1957. Seli ya jirani ikiisikia, lazima ipeleke habari kwenye kiini chake, ndiko zinakofunguliwa jeni za ulinzi. Mbeba habari ni protini iitwayo STAT1, na hafiki huko kwa miguu. Anabebwa na kariyoferini, protini ya usafiri. Nikapiga kofi kiti cha moto iliyokuwa karibu.

"Kariyoferini ndiyo hii. STAT1 ana barua ya gavana, anataka kupanda. Ebola inamtuma VP24, protini yake nyingine, anawahi kiti. Motari yupo, barabara ipo, barua iko mkononi, na gavana hapati kitu."

Kimya. Nikaona nimeshinda. Kisha kijana mwenye jile ya manjano akasema taratibu:

"Prof, hapo umedanganya. Hapa Goma moto inabebaka watu wawili. Watatu, na mbuzi."

Wakacheka hadi mmoja akaangusha helmeti. Nikajibu haraka kwamba ya mwilini hubeba mmoja tu, jambo nililolitunga palepale. Mwanafunzi wangu akifanya hivyo namkata alama. Abiria wakaja, kikao kikavunjika. Mzee peke yake alibaki kwenye ndoo, akanawa polepole mpaka kwenye viwiko, kisha akasukuma chukudu yake bila kuniaga.

Mwaka uliofuata shule zikafungwa kwa ajili ya Korona, nikawa na muda wa kusoma. Usiku mmoja nikakuta kwenye intaneti makala ya kisayansi ya 2014, ya watafiti waliochunguza namna VP24 inavyoshika kariyoferini. Nikasimama na simu mkononi. Kariyoferini ina viti tofauti! Mizigo mingi hukaa kimoja, STAT1 hukaa kingine, na VP24 inakalia hicho cha STAT1. Mizigo mingine inaendelea kuingia kwenye kiini kama kawaida. Usafiri haujasimama, kwa hiyo ukiutazama kwa mbali hujui kwamba kuna abiria mmoja aliyeachwa kandokando ya barabara na barua yake.

Mwishoni mwa Juni 2020 mlipuko ule ulikuwa umeshatangazwa kwisha, vifo 2,287 nyuma yake. Nilimkuta kijana wa jile ya manjano Birere, moto ikiwa inanguruma. Nikamweleza yote, mbiombio, nikakiri na uongo wangu. Alinisikiliza bila kuzima injini.

"Kwa hiyo kile kiti kingine hawakigusi?"

"Hawakigusi."

Akageuka, akamwambia mama aliyekuwa tayari amekaa nyuma yake asogee kidogo na kuku wake.

"Panda, Prof."