Nilivyobadilisha Ratiba ya Ukaguzi wa Milango ya Kuzuia Moto kwa Kutumia Tathmini ya Hatari

Ninasimamia matengenezo ya jengo la ofisi kaskazini mwa England, ambako BS 9999, kiwango cha Uingereza cha usalama wa moto kwenye majengo, kinapendekeza milango ya kuzuia moto ikaguliwe kila baada ya miezi 6. Tulifuata ratiba hiyo kwa milango yote bila kubagua, ingawa kila fundi alijua kwamba mlango wa korido unaogongwa na vitoroli kutwa hauchakai sawa na wa stoo unaofunguliwa kwa nadra.

Sheria iliniachia nafasi. Kifungu cha 17 cha amri ya usalama wa moto ya 2005 kinadai mfumo wa matengenezo unaofaa, bila kutaja idadi ya miezi. Hata hivyo, anayeacha kiwango ndiye atakayetakiwa kueleza sababu. (Kwa majengo ya ghorofa ya makazi yanayozidi mita 11, kanuni za 2022 zinaamuru milango ya maeneo ya pamoja ikaguliwe angalau kila miezi 3, na huko tathmini haiwezi kuongeza muda.)

Nilianza na kumbukumbu za ukaguzi wa miaka iliyopita. Kasoro karibu zote zilikuwa kwenye korido na ngazi: vifaa vya kujifungia vilivyolegea, bawaba zilizokaza vibaya, mikanda inayovimba kwa joto iliyobanduka, na nafasi kati ya mlango na fremu iliyopita milimita 4. Milango ya stoo haikuwa na jambo la maana.

Jaribu kubwa lilikuwa kuiweka milango ya vyumba vya nyaya za umeme kwenye kundi moja na ya stoo, kwa kuwa nayo ilikuwa safi. Nilikataa. Vyumba hivyo vinapanda kutoka ghorofa hadi ghorofa, na mlango mmoja usioziba unatosha kuruhusu moshi kuingia kwenye korido za juu. Uchache wa kasoro haupunguzi ukubwa wa madhara, na tathmini inayopima nusu moja tu ya hatari kwangu haina thamani. Milango hiyo ilibaki kwenye miezi 6, ya stoo ikasogezwa hadi mwaka mmoja, na ya korido na ngazi ikaanza kukaguliwa kila mwezi.

Waraka wa tathmini niliouandika ulieleza kiwango kinasema nini, tunakiacha wapi, kwa ushahidi gani, na jambo gani litakaloturudisha kwenye miezi 6: kasoro moja inayoathiri uwezo wa mlango wa stoo kuzuia moto, au stoo kubadilishwa matumizi. Mtathmini wa moto kutoka nje aliupitia, kampuni ya bima ikaukubali kwa maandishi, na mwajiri, ambaye ndiye mwenye dhamana kisheria, akautia saini. Gharama haikupungua kwa kiasi cha kujivunia, kwani saa zilizookolewa kwenye stoo zilimezwa na korido, na mwajiri nilimweleza hivyo kabla hajashika kalamu.