Mungu wa Jefferson na Wabaptisti wa Virginia

Nimewasikia wahubiri wakidai kwamba Marekani ilijengwa juu ya Biblia, na nimewasoma waandishi wanaodai kwamba waasisi wake hawakuwa na habari na dini yoyote. Kila upande huchukua nusu ya habari na kuificha nusu nyingine, hasa panapotajwa udeisti.

Udeisti ulistawi Uingereza na Ufaransa katika karne ya 17 na ya 18. Wafuasi wake walisadiki kwamba yupo Mungu mmoja aliyeuumba ulimwengu na kuuwekea kanuni zake, kwamba akili ya binadamu yatosha kumtambua Mungu huyo, na kwamba miujiza na vitabu vitakatifu si vya lazima. Kwa kipimo hicho, mdeisti asiye na shaka miongoni mwa watu mashuhuri wa mapinduzi ya Marekani ni Thomas Paine, ambaye mwaka 1794 alianza kuchapisha kitabu cha kuishambulia Biblia waziwazi. Umaarufu wake ulizama, na alipofariki mwaka 1809 waliomzika walikuwa wachache mno.

Wengine hawaingii katika kipimo hicho kwa urahisi. Benjamin Franklin, katika barua ya Machi 1790, wiki chache kabla ya kufariki, alikiri kumwamini Mungu mmoja Muumba anayestahili kuabudiwa, lakini akasema ana mashaka kidogo kuhusu uungu wa Yesu. Hata hivyo ni Franklin huyohuyo ambaye tarehe 28 Juni 1787, wajumbe wa kuandika Katiba walipokwama kule Philadelphia, alipendekeza vikao vifunguliwe kwa sala, akisema kuwa Mungu huyaendesha mambo ya wanadamu. Mdeisti halisi asingetamka hivyo. Wajumbe, ambao wengi wao walikuwa waumini wa makanisa ya kawaida, hawakulipitisha pendekezo hilo.

Thomas Jefferson ndiye anayenivutia zaidi. Akiwa mzee, yapata mwaka 1820, alichukua nakala za Agano Jipya katika lugha nne, yaani Kigiriki, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza, akakata aya alizozikubali na kuzibandika sambamba katika kitabu kipya. Mafundisho ya Yesu aliyabakiza, miujiza mingi akaiacha, na simulizi lake linakoma pale jiwe linapovingirishwa mlangoni pa kaburi, bila ufufuo. Hakukichapisha, na kwa busara, kwani katika uchaguzi wa mwaka 1800 wapinzani wake walikuwa wamekwisha kumwita mkana Mungu. Katika rasimu yake ya Azimio la Uhuru la 1776 alimtaja Mungu wa Maumbile. Bunge la makoloni ndilo lililoongeza Hakimu Mkuu wa ulimwengu na maongozi ya Mungu. Andiko likawa la namna ambayo mdeisti angeweza kulitia saini pamoja na John Witherspoon, mchungaji wa Kipresbiteri, ambaye kweli alilitia saini.

Je, udeisti ndio ulioitenga dini na dola? Jibu langu ni kwamba peke yake usingeweza. Huko Virginia, ambako Kanisa la Anglikana lilikuwa kanisa rasmi, wahubiri wa Kibaptisti walitupwa gerezani kwa kuhubiri bila kibali, na James Madison, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, akiwa kijana wa miaka 22, aliandika Januari 1774 kwa hasira kuhusu watano au sita waliokuwa wamefungwa katika wilaya jirani. Mwaka 1784 Patrick Henry, mwanasiasa wa Virginia, alitaka kodi ya kuwalipa walimu wa dini ya Kikristo. Mwaka uliofuata Madison aliandika waraka mkali wa kuipinga, na Wabaptisti wakamimina malalamiko yao ya maandishi mbele ya bunge la jimbo. Kodi ilianguka, na Januari 1786 sheria ya uhuru wa dini aliyoiandika Jefferson ikapita, mwenyewe akiwa Paris. Wachache waliotilia shaka kwamba Mungu alijifunua kwa miujiza na vitabu vitakatifu walileta hoja. Idadi ya watu ilitoka kwa walokole walioamini kila muujiza, ila hawakutaka serikali iwashike mkono kwenda kanisani.

Urafiki huo wa Jefferson na Wabaptisti ulidumu. Tarehe 1 Januari 1802, Jefferson, sasa akiwa Rais, aliwaandikia Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, barua mashuhuri inayotaja ukuta kati ya dini na dola. Siku hiyohiyo alipokea jibini la zaidi ya kilo 500 kutoka kwa wakulima wa Cheshire, Massachusetts, likiletwa na mhubiri wao wa Kibaptisti, John Leland. Siku mbili baadaye Leland alihubiri katika ukumbi wa Bunge, na Rais ambaye baadaye angeuacha ufufuo nje ya Injili yake alikuwa amekaa akimsikiliza.