Skrubu ya Mkanda wa Bunduki ya Mjomba

Mjomba aliniletea bunduki yake ya kuwindia ikiwa imefungwa ndani ya blanketi, mkanda ameshauvua. "Skrubu ya nyuma inatoka," akasema. "Nilikuwa natembea, nikasikia begani imekuwa nyepesi ghafla. Bahati niliiwahi."

Kabla ya jambo lolote nilichomoa boliti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, nikachungulia chemba inamokaa risasi, kisha nikapitisha kidole. Mjomba alikuwa ameshaikagua mwenyewe, lakini hakukasirika. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba bunduki hukaguliwa na kila anayeipokea.

Skrubu yenyewe ni ile ya mbao, kichwa chake kimetobolewa ili pete ya mkanda ipite. Niliishika kwa vidole viwili, ikacheza kama jino la mtoto, nikaizungusha ikatoka bila bisibisi. Hesi zake, ile mizunguko inayouma mbao, zilijaa unga mweusi wa mbao uliolowa mafuta ya bunduki ya miaka mingi. Nilipochokonoa tundu kwa sindano, vikatoka vipande vya njiti za kiberiti. Kumbe kuna fundi alishapita hapo.

Njiti na gundi ya mbao sizidharau, kwa bawaba ya kabati zinafaa kabisa. Mkanda wa bunduki ni habari nyingine. Bunduki ina karibu kilo 4, na kila hatua unayopiga inaitikisa, skrubu ikivutwa nje na kupindwa upande kwa wakati mmoja. Ikichomoka, kitako kinaanguka na mtutu unaelekea popote. Mimi hilo silichukulii kirahisi hata kidogo.

Mjomba alipendekeza kijiti cha duara kigongwe humo kwa gundi. Nikamwambia, "Mjomba, tuangalie kwanza nyuzi za mbao." Kitako kile ni cha mti wa jozi, na nyuzi zake zinakwenda kwa urefu, kutoka begani kuelekea mtutu. Skrubu inaingia kutoka chini, ikizikata nyuzi hizo kwa mkingamo, na ndiyo maana hesi hupata cha kushika. Kijiti cha duara nyuzi zake huenda kwa urefu wake. Ukikisimamisha tunduni, skrubu itapita sambamba nazo, itazipanua tu badala ya kuzishika, na mwakani tunarudi palepale. Mjomba alikichukua kijiti, akakigeuza mkononi, akakiweka chini. "Basi chonga chako," akasema.

Nilichonga kizibo kutoka kipande cha jozi, nikikikata kwa mkingamo ili nyuzi zake zilale sawa na za kitako. Juu yake nikachora mstari wa penseli unaofuata nyuzi, maana kikishapakwa gundi huoni kitu. Ubavuni nikakipigia mfereji mwembamba kwa tupa, hewa na gundi ya ziada vipate pa kutokea. Tundu la zamani nililipanua kwa drili hadi mabaki meusi yakaisha na chembe zikaanza kutoka za kahawia safi. Kwenye biti nilikuwa nimefunga utepe kuonyesha kina cha kuishia. Nikasafisha kuta kwa asetoni, kwa sababu epoksi, ile gundi kali ya kuchanganya, haishiki mbao yenye mafuta, nikaacha zikauke. Halafu epoksi, kizibo, mstari ukalingana na nyuzi, nikakibana kwa jiliwa lenye vipande vya ngozi.

Mjomba alitaka tuendelee jioni ileile. Nilikataa kwa heshima, nikaiacha saa 24.

Kesho yake nilikisawazisha kizibo kwa patasi na msasa, nikapaka mafuta ya kitani. Tundu jipya nililitoboa kwa biti yenye unene wa kiini cha skrubu, hesi zikiwa nje ya hesabu. Hesi nikazisugua kwa nta ya mshumaa, nikapitisha msumari kwenye tundu la kichwa na kuzungusha polepole. Mbao ilianza kulia kidogo, ishara kwamba inashika. Nikasimama pale tundu la kichwa lilipokaa kwa mkingamo wa kitako, mkao unaoruhusu pete kuingia bila kukwaruza mbao.

Mjomba akafunga mkanda, akauvuta kwa mikono miwili, akauvuta tena. Kisha akaniuliza kuhusu skrubu ya mbele. Ile haishikwi na mbao, imefungwa kwa nati iliyozama kwenye mfereji wa mbao ambamo mtutu hulala. Niliikaza kidogo tu, ikatosha.