Vumbi la Manjano la Kinamasini

Shangazi alisubiri mpaka ikapatikana asubuhi isiyo na upepo. "Upepo ukitutangulia, mwanangu, tutakuta mashuke matupu," alisema.

Mmea tulioufuata unafanana na matete. Wataalamu huuita Typha. Kile kichwa chake cha kahawia kila mtu anakijua. Lakini kabla hakijawa kahawia, juu yake husimama shuke jingine jembamba, la maua ya kiume, na kwa siku chache tu hujaa chavua ya manjano, kisha hunyauka. Siku hizo ndizo tulizozivizia, maana chavua hiyo huliwa.

Penye mtaro wa maji machafu tulipita bila kusimama, ingawa mashuke yalikuwa yamenona. Mmea huu hufyonza uchafu wa majini, hata watu huupanda makusudi kusafisha majitaka.

Mbele, maji yakiwa safi, nikatoa kisu. "Rudisha hicho. Tunataka vumbi, bua libaki." Akaliinamisha shuke taratibu, akaliingiza kwenye mfuko wa karatasi, akafumba mdomo wa mfuko kwa kiganja na kulitikisa. Ukafuka moshi wa manjano. Mikono yangu, nguo, hata kope zikageuka rangi. (Mwenye mzio wa chavua asithubutu.)

Nyumbani tulichekecha. Juu ya chekeche vikabaki vinyuzi na vidudu vilivyokuwa bado vinatambaa. Chini ikaanguka chavua laini kama poda. Nilitia kidogo kwenye bakuli la maji, ikaelea juu juu, nikaikoroga, ikaelea tena. Shangazi akacheka. Yeye alianza kuichanganya ikiwa kavu na unga wa ngano, nusu kwa nusu, ndipo akatia maji, nayo ikakubali. Chapati za maji zikatoka na manjano ya kukolea.

Ladha? Utamu wa mbali sana. Kwangu mimi rangi ndiyo iliyonivutia. Labda tungeifanyia ufundi zaidi: huko kusini mwa Iraki watu wa vinamasini huichanganya na sukari na kuipika kwa mvuke, ikawa kitu kitamu kiitwacho khirret, Wamaori, wenyeji wa Nyuzilandi, nao waliikandia mikate, pungapunga.

Iliyobaki tuliitandaza ikauke, maana ikifungiwa na unyevu huota ukungu upesi. Ilipokauka shangazi aligawa. Fungu kubwa likawa lake, na mfuko wangu akauchukua.