Uzoefu wangu: nilivyojifunza kuzisoma ripoti za afya za London ya zamani

Nimefanya kazi ya ubwana afya Tanga miaka kumi na moja kabla ya kuja London. Kwa hiyo niliposikia maktaba ya Wellcome imeweka mtandaoni ripoti zaidi ya 5,500 za madaktari wa afya wa jiji hili, za kuanzia 1848 hadi 1972, nilijua nitazisoma kama za kwetu. Wapi! Wiki mbili nilizama kwenye vyoo vilivyokaguliwa, mapipa ya taka, nyumba zilizofukizwa baada ya ndui, maziwa yaliyotiwa maji. Kila kitu kimehesabiwa, nami sioni kitu.

Kilichonitoa ni daftari la hesabu la binti yangu. Kwenye ile miraba nilichora vifo vya watoto wachanga waliokufa kwa kuharisha mwaka 1911, robo kwa robo. Nguzo ya Julai hadi Septemba ilipita juu ya ukurasa, ikabidi nigundishe karatasi nyingine. Nilikaa nikaitazama muda mrefu. Mwaka ule joto lilikuwa kali mno. Uingereza na Wales, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, walikufa 130 kabla ya kutimiza mwaka. Mwaka 1910 walikuwa 105.

Joto peke yake haliui hivyo. Maziwa yalifika wazi, inzi wakitoka kwenye samadi ya farasi na majalala, na mtoto alinyonyeshwa kwa chupa yenye mpira mrefu. Niliiona moja kwenye kabati la maonyesho: kioo kizito, na mpira unaokaribia urefu wa mkono wangu hadi kiwiko. Hakuna brashi inayopita mle ndani. Nikajikuta nakumbuka kliniki za Tanga, nikirudia kila Jumatano, “Mama, achana na chupa, tumia kikombe na kijiko.”

Hapo ndipo nikamwelewa Dakta McCleary, daktari wa afya wa Battersea, mtaa mmoja wa hapa London. Mwaka 1902 halmashauri ile ilifungua kituo cha kuuza maziwa yaliyochemshwa, kila chupa mlo mmoja, mtoto akimaliza basi. Ilikuwa kazi ya maana, ingawa mimi naegemea zaidi kwa wale wanawake wa afya waliopita nyumba kwa nyumba kuwahimiza mama wanyonyeshe wenyewe. Sheria ya 1907 iliwasaidia sana: halmashauri iliyoikubali ilipaswa kupewa taarifa ya kila mtoto ndani ya saa 36 tangu azaliwe. Atakayewahi kufika ndiye atakayesikilizwa, hilo nalijua kwa miguu yangu.

Siku hizi nikifungua ripoti naanza na robo ya tatu ya mwaka. Kisha naenda moja kwa moja kwenye ukurasa nilioukimbia mwanzoni, wa mazizi ya farasi, nione samadi ilizolewa mara ngapi kwa wiki.