Jokofu la chanjo

Leo nimempeleka mwanangu chanjo ya surua. Mara mbili tulirudishwa: umeme ulikatika, chanjo zikaharibika.

Safari hii nimekuta jokofu jipya la sola, limeletwa na serikali.

Mlangoni pamebandikwa karatasi. Kila asubuhi na jioni muuguzi anaandika nyuzijoto, lazima ziwe kati ya 2 na 8. Nikapitisha kidole kwenye tarakimu zile za wino wa bluu.

Hakuna siku iliyorukwa. Hata Jumapili!

Machozi yalinilengalenga, jamani.

Mwaka 2001 kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nchi nyingi bado hazijafika, na inaniuma.

Kwenu vipi, chanjo mnazikuta?