Kundi kwenye njia ya Mto Karura

Njia ya Mto Karura, ndani ya Msitu wa Karura, Nairobi, ni nyepesi, ila kundi la watu kumi na tano hukatika vipande upesi. Weka anayeijua njia mbele, mwingine nyuma kabisa, na mwendo uwe wa yule anayekwenda polepole zaidi. Kila mtu abebe lita moja na nusu ya maji, kwenye chupa ya kudumu: plastiki za kutupwa zimepigwa marufuku humo tangu Juni 2020. Udongo mwekundu ukilowa huteleza vibaya, hasa mkishukia maporomoko ya maji, kwa hiyo raba zilizolika soli zibaki nyumbani. Viatu vipya pia. Kisigino kikianza kuwaka, simama ubandike plasta papo hapo. Lengelenge likishajaa, umechelewa. Ndizi zifungiwe begini, kima hawaombi.